Pombe ya nyumbani kwa mtaji mdogo: kifaa gani ununue kwanza?

Msikilizaji wetu, makala haya ni kwa ajili yako unayepika mbege, komoni, kangara, wanzuki au mvinyo wa ndizi nyumbani, na sasa umeweka akiba kidogo ya kuboresha vifaa. Akiba yenyewe haitoshi kununua vitu vyote. Ukienda madukani Mwenge au Kariakoo unakutana na sufuria kubwa za kung'aa, mapipa ya kila rangi, majiko ya gesi na mashine za kufungia vinywaji. Muuzaji atakuambia kila kimoja ni cha lazima. Wewe una fedha ya kimoja, labda viwili.

Jibu fupi ni hili: nunua kwanza kile kinachozuia pombe isiharibike na isimdhuru mnywaji. Kinachokuwezesha kupika nyingi zaidi kinakuja baadaye. Anayepika lita 60 na kumwaga mara moja kwa mwezi, akinunua sufuria ya lita 120 atakuwa anamwaga lita 120. Hapa chini tunaeleza sababu, na namna ya kujua kwako wewe kitangulie kipi.

Unaweza kuhifadhi makala haya kwenye simu ukayasoma taratibu. Mengi yaliyomo yanamfaa pia anayetengeneza togwa, kwa sababu vyombo, usafi na nafaka ni vilevile.

Anza na daftari, duka baadaye

Kabla ya kununua chochote, andika mipiko minne mfululizo. Mpiko hapa ni pombe yote inayotoka kwa kupika mara moja. Andika gharama ya ndizi au unga, ulezi, kuni au mkaa na maji. Andika lita zilizopatikana, lita zilizouzwa, na lita zilizomwagwa. Kama zimemwagwa, andika kwa nini: ziligeuka siki, zilinuka, au zilikosa wateja?

Tuchukue mfano wa hesabu. Ni mfano tu, wewe weka bei za kwako. Mama mmoja anapika lita 60 mara mbili kwa wiki, yaani mipiko 8 kwa mwezi. Kila mpiko unamgharimu shilingi 40,000. Anauza lita kwa shilingi 1,000, anapata shilingi 60,000. Faida ni shilingi 20,000 kwa mpiko, na shilingi 160,000 kwa mwezi.

Sasa mpiko mmoja kati ya hiyo 8 ukiharibika wote, mapato ya shilingi 60,000 hayapo, lakini gharama alishalipa. Faida ya mwezi inashuka hadi shilingi 100,000. Mpiko mmoja ulioharibika umekula faida ya mipiko mitatu.

Tuangalie upande wa kuni. Tuseme kati ya zile shilingi 40,000, kuni ni shilingi 8,000. Akipata jiko linalopunguza kuni kwa nusu, anaokoa shilingi 4,000 kwa mpiko, sawa na shilingi 32,000 kwa mwezi. Ni fedha nzuri, lakini kwa mama huyu kuzuia mpiko mmoja usiharibike kunamrudishia karibu mara mbili ya hiyo.

Na kama haharibikiwi, ila kila mpiko unabaki na lita 10 zisizouzwa? Hapo anapoteza mauzo ya shilingi 80,000 kwa mwezi. Dawa ya tatizo hilo haiuzwi dukani. Apike lita 50, au apange siku za kupika zilingane na siku za gulio na siku za mishahara. Ndiyo maana tunasema anza na daftari. Kuna watu wananunua kifaa kwa tatizo ambalo kifaa hakiliwezi.

Nafaka kavu ni kifaa cha kwanza

Huenda ukashangaa kuona nafaka kwenye orodha ya vifaa. Sababu yake ni nzito.

Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu waliotoka mazishini walikunywa pombe ya kienyeji. Watu 75 walifariki. Mwanzoni zilisambaa habari kwamba pombe ilitiwa sumu, wengine wakitaja nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha mambo mengine: unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika na kuota bakteria wanaotoa sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Hapa kwetu, mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu kwenye mahindi. Sumukuvu inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu. Nayo haiishi kwa kupika, wala kwa kuchachusha.

Kwa hiyo usemi kwamba mahindi mabovu "yanafaa kwa pombe" ni usemi wa hatari. Kinachofaa kutupwa kisipikwe ugali, kisipikwe na pombe.

Cha kununua hapa ni cha bei ndogo: turubai la kuanikia nafaka isiguse ardhi, na mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ile ya tabaka za nailoni ndani na kiroba nje. Maduka mengi ya pembejeo wilayani wanayo. Ukiotesha kimea cha ulezi au mtama, kioteshe juu ya kitambaa safi, kikaushe juani siku hiyo hiyo kinapokuwa tayari, na ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa rangi ya waridi, usichague punje nzuri. Tupa chote.

Chombo cha kuchachushia

Hapa ndipo wapikaji wengi wanapopoteza pombe, na ndipo tunaposhauri fedha kubwa ya kwanza iende, hasa kama unatumia pipa la chuma, ndoo ya bati au dumu usilojua lilitoka wapi.

Pombe yoyote inayochachuka ina uchachu. Uchachu huo unakula chuma. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki ikikaa na pombe usiku kucha, zinki inaingia kwenye pombe na inaweza kuleta kichefuchefu na kutapika. Pipa la chuma linatoa kutu. Tangu mwaka 1929 madaktari wa kusini mwa Afrika wameandika kuhusu watu wenye madini ya chuma kupita kiasi mwilini, hali inayoumiza ini, ambayo imehusishwa na kunywa kwa miaka mingi pombe iliyotengenezwa kwenye vyungu na mapipa ya chuma. Sufuria ya alumini inafaa kupikia, lakini usiache pombe ichachuke humo siku nzima.

Kwa mtaji mdogo, chombo kinachofaa ni ndoo au pipa la plastiki la kuwekea chakula, lenye mfuniko. Utalijuaje? Geuza kitako. Tafuta pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Namba 2 na namba 5 ndizo plastiki zinazotumika sana kwa vyombo vya chakula. Namba peke yake haitoshi, kwa sababu hata dumu la kemikali linaweza kuwa namba 2. Tafuta pia alama ya glasi na uma, ambayo maana yake chombo kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Kisha uliza: lilibeba nini kabla? Kama jibu ni dawa ya shamba, mafuta ya gari, rangi au "sijui", liache hata kama ni bei ya kutupa. Plastiki hunyonya, na kuosha hakutoi yote.

Pipa lililobeba mafuta ya kula au sharubati linaweza kufaa likioshwa vizuri na kuisha harufu. Harufu ikibaki baada ya kuliacha na maji siku mbili, pombe itaichukua.

Nunua vyombo viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Ndoo tatu za lita 20 zinakufaa kuliko pipa moja la lita 60, kwa sababu moja ikiharibika mbili zinabaki, na mtu mmoja anaweza kuinua, kuosha na kuanika kila moja. Mabua na mikwaruzo ni maficho ya vijidudu, kwa hiyo ndoo iliyokwaruzika sana ndani ihamishie kazi ya kubebea maji.

Chungu cha udongo na mtumba wa mti vina heshima yake, na wazee wetu walivitumia vizuri. Shida yake ni kwamba vina vinyweleo visivyooshika mpaka ndani. Ukivitumia, tumia kila mara kwa pombe ile ile, visikae na mabaki, na vianikwe juani mpaka vikauke kabisa.

Usafi: kifaa cha bei ndogo kuliko vyote

Pombe inayogeuka siki mapema mara nyingi imeingiliwa na vijidudu vingine mbali na chachu. Wanatoka kwenye chujio la jana, mwiko, kata na mikono.

Unahitaji vitu vinne: brashi laini, sabuni isiyo na manukato makali, dawa ya klorini ya kufulia isiyo na harufu ya maua, na chujio jipya.

Utaratibu ni huu. Osha chombo kwa maji na sabuni hadi uchafu wote utoke. Suuza. Kisha weka kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini kwenye lita 4 za maji safi, paka kila mahali, acha dakika kumi, halafu suuza kwa maji yaliyochemshwa. Vyombo vya chuma na vitambaa vya kuchujia unaweza kuvichemsha tu. Usichanganye klorini na siki, limao au sabuni ya choo. Mchanganyiko huo unatoa hewa inayodhuru mapafu.

Kuna jambo moja la kuangalia. Wapikaji wengi hawatii chachu. Wanategemea mabaki yaliyoganda kwenye chungu au pipa yaanzishe pombe mpya. Ukisafisha chombo vizuri, umeondoa na chachu hiyo. Kabla ya kuosha, chota kikombe cha machicha ya mpiko uliotoka vizuri, weka kwenye chupa safi yenye mfuniko usiokazwa, na uitumie kuanzishia mpiko unaofuata ndani ya siku mbili au tatu. Hivyo unachagua mwenyewe mbegu ya pombe yako. Anayetengeneza wanzuki au mvinyo wa ndizi anaweza kununua hamira kavu, afuate maelekezo ya pakiti.

Kwa chujio, kitambaa cheupe cha nailoni kinaoshika na kukauka upesi kuliko kiroba. Kiroba cha mbolea au cha dawa kisitumike kabisa.

Kipimajoto

Baada ya chombo na usafi, kifaa kidogo kinachobadilisha pombe kuliko vingine ni kipimajoto.

Kinakusaidia mahali pawili. Pa kwanza ni unapochanganya kimea na uji wa unga, kama kwenye komoni. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha chachu. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 62 na 70 za selsiasi. Ukitia kimea kwenye uji unaochemka, umeviua, na pombe itakuwa nyepesi hata ukitumia unga mwingi. Ukitia uji umeshapoa, vinafanya kazi polepole na uchachu unatangulia. Upimaji wa kidole hausaidii hapa, kwa sababu kidole hakivumilii nyuzi 60. Acha uji ushuke hadi karibu nyuzi 65, tia kimea, koroga, funika na blanketi kwa saa moja.

Pa pili ni unapotia chachu. Subiri kishuke chini ya nyuzi 35. Ukiwa na haraka ukatia kikiwa na nyuzi 50, chachu inakufa na vijidudu vya uchachu vinachukua nafasi.

Kwa mbege mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu sukari nyingi inatoka kwenye ndizi zenyewe, na ulezi hupikwa uji. Lakini joto la kuchanganyia linabaki muhimu vilevile.

Nunua cha kidijitali chenye sindano ya chuma, au cha kioo chenye kimiminika chekundu. Usitumie chenye zebaki, maana kikivunjika pombe yote ni ya kumwaga na zebaki ni sumu. Kipimajoto cha homa hakifai. Kile cha kawaida kinaishia nyuzi 42. Kijaribu kwenye maji yanayochemka. Dar es Salaam na pwani kinapaswa kusoma karibu nyuzi 100. Mahali pa juu maji huchemka mapema: Iringa mjini tarajia karibu nyuzi 95. Kikisoma hivyo, hakijaharibika.

Jiko na sufuria

Kama daftari lako linaonyesha huharibikiwi ila kuni ndizo zinazokumaliza, jiko lipande juu kwenye orodha.

Mafiga matatu yanapoteza joto kubwa pembeni. Jiko banifu la matofali na udongo, lililojengwa kufuata umbo la sufuria yako, sufuria ikazama ndani na kuacha nafasi ndogo tu ya moshi kupita, linaokoa kuni nyingi. Huko Burkina Faso, wanawake wanaopika dolo, pombe ya mtama, wamekuwa wakijengewa majiko ya namna hii kwa sababu upikaji wa pombe ulikuwa unakula kuni nyingi sana mijini. Gharama yake kubwa ni kazi ya mikono, udongo unao. Ongeza mfuniko wa sufuria na bomba la moshi. Macho na kifua vitakushukuru.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa mpika pombe, gesi ni safi na ya haraka, lakini piga hesabu ya mtungi kwa mpiko kabla ya kununua jiko lake kubwa. Uji mzito unaochemka saa nyingi unamaliza mtungi mapema.

Sufuria kubwa nunua pale tu daftari linapoonyesha kwamba kwa miezi miwili mfululizo umeuza yote na wateja wamerudi mikono mitupu. Stenilesi ni imara na hailiwi na uchachu, lakini bei yake ni kubwa. Alumini nzito inatosha kwa kuchemshia. Angalia unene wa kitako, maana uji ukiungua harufu ya moshi haitoki tena.

Kwa wanaotengeneza wanzuki na mvinyo

Pombe za asali na za matunda hukaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo zinahitaji vitu viwili vya ziada.

Cha kwanza ni mrija. Pombe inayochachuka hutoa hewa. Dumu likikazwa kabisa linaweza kupasuka. Likiachwa wazi, inzi na hewa vinaleta siki. Toboa kifuniko, pitisha mrija mwembamba wa plastiki, ziba pembeni, na mwisho wa mrija uuzamishe kwenye chupa yenye maji. Hewa inatoka kwa mapovu, hakuna kinachoingia. Mapovu yakikoma, uchachukaji unakaribia kwisha. Chumba kiwe na dirisha, kwa sababu hewa hiyo ikijaa inafanya mtu akose pumzi.

Cha pili ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari. Ukipima mwanzo na mwisho unajua nguvu ya kinywaji chako, na unajua kama ni salama kufunga chupa. Chupa ikifungwa sukari ingali inachachuka, inaweza kulipuka na kumjeruhi mtu. Kwa komoni na mbege usihangaike nayo. Pombe hizo ni nzito, zinanywewa zikiwa bado zinachemka, na kipimo kitakudanganya.

Biashara ya ndizi inaweza kukua. Arusha ipo Banana Investments Limited, inayotengeneza mvinyo wa ndizi na kuuuza kwenye chupa. Chupa ni hatua ya mbele, baada ya mtu kuweza kutoa kinywaji kile kile kila mara.

Vitu vya kuacha dukani

Mtambo wa kukereza. Kuchemsha pombe na kukusanya mvuke ni kutengeneza gongo. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza bila leseni. Mbali na sheria, ukerezaji wa kienyeji umeua na kupofusha watu.

Mashine ya kufungia pakiti. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mifuko ya plastiki ya kubebea nayo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Atakayekuuzia mashine hiyo anakuuzia kesi.

Friji kubwa, kama umeme ni wa kusuasua au mauzo ni ya siku moja. Gunia lililoloweshwa na kuzungushiwa ndoo kivulini penye upepo linapoza vizuri Dodoma na Singida kwenye hewa kavu. Dar es Salaam na Tanga, kwenye unyevu, linasaidia kidogo tu.

Viungo vya kuongeza ukali, vya aina yoyote. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maji yanaharibu jina. Kemikali inaharibu mtu.

Mahali pa kununua

Ukija Dar es Salaam, ndoo, madumu na masufuria utayakuta Mwenge, Kariakoo, Manzese na Temeke. Linganisha maduka matatu kabla ya kutoa fedha. Gerezani, karibu na Kariakoo, wapo mafundi wa vyuma wanaotengeneza kwa kipimo. Fundi akikutengenezea chombo cha kugusa pombe, sema mapema usitiwe rangi ndani wala bati la zinki.

Huna haja ya kusafiri kwa kila kitu. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lililoanzishwa 1973, lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo na ushauri kwa wasindikaji wadogo. Ukitaka siku moja kuuza kwenye chupa yenye lebo, utahitaji kufika TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Na kuuza pombe ya kienyeji kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya 1968. Ulizia ofisi ya biashara ya halmashauri yako. Kwenye bajeti, leseni ihesabu kama kifaa. Bila hiyo, ndoo zako zote zinaweza kwenda kituoni siku moja.

Mpangilio kwa ufupi

Kama una fedha kidogo kabisa: daftari, brashi, sabuni, klorini, kitambaa kipya cha kuchujia na turubai la kuanikia.

Ukiongeza kidogo: ndoo mbili au tatu za chakula zenye mifuniko, na mfuko wa kuhifadhia nafaka.

Ikibaki: kipimajoto. Kwa wa wanzuki na mvinyo, mrija na haidromita.

Ikikua: jiko banifu, kwanza la udongo.

Ukishauza yote miezi miwili bila kumwaga: sufuria kubwa.

Nunua kimoja, kitumie mipiko minne, angalia daftari limebadilikaje, ndipo uende kwenye kinachofuata. Kama hakuna kilichobadilika, usiongeze fedha nyingine. Tafuta kwanza pombe inapotelea wapi.